Sukari Iliyofungwa Ndani ya Maharagwe na Wimbi

Ukitaja sukari huku kwetu, watu hufikiria miwa: trekta zinazoburuta matela kuelekea kiwandani Awendo, au mashamba ya Ndhiwa upande wa Homa Bay. Kijitabu hiki kinamhusu ndugu wa sukari hiyo ambaye hauzwi kwa kilo. Anaitwa inositoli, na kama jana ulikula nyoyo (mahindi na maharagwe) au ugali wa mtama, ulimla pia.

Inositoli ina viungo vile vile vya glukosi, kwa hesabu ile ile: kaboni 6, hidrojeni 12 na oksijeni 6. Kilichobadilika ni mpangilio tu, mfano wa mawe matatu ya jiko ambayo ukiyapanga vingine sufuria haikai. Ulimini ni tamu kiasi, karibu nusu ya utamu wa sukari ya chai, lakini kazi yake kuu si kutupa nguvu. Mjerumani Johann Joseph Scherer aliitoa kwenye nyama mwaka 1850, ndiyo maana jina la inositoli linatokana na neno la Kigiriki la msuli. Baadaye iliitwa vitamini B8. Jina hilo limeachwa, kwa kuwa vitamini ni kitu ambacho mwili hauwezi kujitengenezea vya kutosha, na hii mwili huitengeneza. Figo mbili za mtu mzima hutoa kama gramu 4 kwa siku, kutoka kwa glukosi.

Ina kazi gani basi? Chukulia seli kuwa boma lenye ua. Homoni nyingi ni wageni wasioingia ndani. Hupiga hodi langoni. Inositoli imekaa kwenye ua huo, imeshikamana na mafuta. Hodi ikipigwa, kipande chenye inositoli hukatwa na kukimbia ndani kupeleka habari, na kalsiamu iliyowekwa akiba hufunguliwa ifanye kazi. Watafiti, Michael Berridge wa Uingereza akiwa mmoja wao, walilionyesha jambo hili mwaka 1983. Insulini nayo ina njia yake: ikibisha, inositoli iliyo kwenye ua huongezewa fosfeti, na hiyo huwa ishara ya kuipokea glukosi kutoka kwenye damu. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupoteza inositoli nyingi kwenye mkojo. Dawa ya hilo ni kuishusha sukari ya damu kwa matibabu aliyopewa. Asiziache dawa zake za hospitali kwa sababu ameuziwa kopo la unga mweupe wa inositoli.

Kwa kuwa figo zinaitengeneza, na chakula chetu kinaileta, familia ya kawaida haina haja ya kuinunua. Machungwa, maharagwe, kunde, njugu na nafaka isiyokobolewa zinayo. Mtoto mchanga huipata kwenye maziwa ya mama, hasa yale mazito ya siku za mwanzo ambayo bado kuna nyumba zinazoyakamua na kuyamwaga. Yasimwagwe.

Ila kuna upande wa pili, na kwa maoni yangu huo ndio unaostahili nafasi kubwa jikoni. Ndani ya mbegu, inositoli haikai peke yake. Mmea huibebesha fosfeti 6, ikawa akiba ya kuotea, na kitu hicho huitwa faitati. Faitati ina mikono mingi. Ikifika tumboni hushika madini ya chuma na zinki, na mengi yakatoka chooni. Hapa kandokando ya ziwa, ambako malaria inamaliza damu ya watoto na ya wajawazito, chuma cha kupoteza hivyo hatuna.

Bibi zetu hawakulijua neno faitati, lakini walijua kuifungua. Maharagwe na mahindi ya nyoyo loweka usiku kucha, mwaga maji hayo asubuhi, kisha pika kwa maji mapya. Faitati kiasi hutoka na maji, na tumbo nalo hupunguza kelele. Unga wa uji wa wimbi au mtama uchanganye na maji safi kwenye chombo kilichooshwa vizuri, ufunike, uuache uchachuke siku moja au mbili, kisha uchemshe vizuri kabla ya kunywa. Ule uchachu huamsha vimeng'enya vya nafaka yenyewe vinavyoibandua fosfeti moja moja. Ikibanduliwa, chuma huachiliwa, na inositoli nayo huwa huru.

Kimea cha wimbi nacho kina kazi nyingine kwenye uji wa mtoto. Wimbi lililolowekwa, likaota, likaanikwa na kusagwa, kijiko kimoja kikitiwa kwenye uji mzito huulegeza, kwa hiyo unaweza kuongeza unga na mtoto akameza bila shida. Uchemshe tena kidogo baada ya kukitia. Mtama ulioota usiutumie kwa mtoto kwa namna hii, kwani machipukizi yake hubeba sumu jamaa ya ile ya muhogo mchungu. Na mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji uji wowote, hata uwe mtamu vipi.

Sahani nayo husaidia. Omena kidogo kando ya ugali wa mtama hulisaidia tumbo kunyonya chuma cha nafaka na mboga. Limau likikamuliwa juu ya mboga kama osuga au dek hufanya kazi hiyo hiyo. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo birika lisubiri saa moja hivi baada ya mlo. Mama mjamzito aendelee na vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki, hata kama uji wake umechachuka vizuri kuliko wa kijiji kizima.