Moshi wa Jikoni na Kadi za Wanafunzi

Mtoto amekuja na kadi

Wanafunzi wanachunguza hewa ya mitaa yetu hapa Dar es Salaam. Mwanao akiomba mafuta ya mgando kidogo, mpe. Atayapaka kwenye kadi nyeupe za manila na kuzitundika: moja karibu na jiko, nyingine dirishani upande wa barabara, nyingine chumbani mnapolala. Zisinyeshewe. Baada ya wiki moja atalinganisha ipi imeshika masizi zaidi. Msizifute, wala msizihamishe kwa kuogopa mwalimu ataona jiko lenu.

Kadi hunasa vumbi na masizi tu. Ikibaki nyeupe, msijidanganye kwamba chumba ni salama.

Kubwa kuliko yote

Usiwashe jiko kwa plastiki.

Pakiti ya maziwa, kandambili iliyokatika, kipande cha ndoo, chupa ya maji: vyote navikuta jikoni pembeni ya kiberiti. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini uchomaji haujaisha. Moshi wa plastiki ni sumu, na anayeuvuta zaidi ni mama aliyeinama kupuliza, pamoja na mtoto aliye mgongoni. Mtasema ni kidogo tu, mpaka mkaa ushike. Kidogo hicho ni asubuhi na jioni, mwaka mzima! Tumieni vifuu, makumbi makavu ya nazi, vijiti. Usiwashe jiko kwa plastiki, wala usimtume mtoto awashe hivyo.

Taka za uani

Usichome plastiki, moshi ni uleule.

Jiko chumbani

Mkaa ukishakolea moshi hupungua, sumu haipungui. Sumu hiyo hainuki wala haionekani. Mvua ikinyesha usiingize jiko ndani. Usilale nalo. Usiache maharage yachemke usiku mlango umefungwa. Mkiamka vichwa vinauma, mna kizunguzungu na kichefuchefu, tokeni nje wote, kisha nendeni kituo cha afya hapohapo. Msikae kunywa maziwa mkisubiri ipite.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Wanafunzi wakileta mapendekezo

Wasikilizeni. Wengine watasema tupande miti. Sawa, ipandwe, ila mti hauondoi moshi jikoni. Lenye maana zaidi ni banda la kupikia lililo wazi pande mbili, ili wapangaji waache kupikia koridoni. Gesi ni bora kuliko mkaa, na Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mwenye kuweza mtungi mdogo leo asingoje. Asiyeweza apikie nje, na asiwashe kwa plastiki.

Wanafunzi wakitaka kupima na jiko la shule, wasizuiwe.

Banda linamhusu mwenye nyumba. Siku ya kusomewa matokeo ya kadi, njooni naye.