UKURASA WA AFYA: Supu ya Matonge ya Kikorea kwa Vitu vya Jikoni Mwetu



Mwezi huu tunajifunza chakula kimoja cha ugenini ambacho mama wa kijijini anaweza kukipika bila kutafuta duka la wageni. Ni supu ya Korea iitwayo sujebi. Unga wa ngano hukandwa, kisha huchanwa kwa mkono vipande vyembamba na kutumbukizwa katika supu inayochemka. Wakorea hupenda kuila siku za mvua, na wengine huitia pilipili mpaka mlaji anatoka jasho.

Chakula cha karamu kilichogeuka cha maskini

Zamani ngano ilikuwa adimu Korea, kwa hiyo vyakula vya unga wake vilikuwa vya heshima. Vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953 viliacha njaa kubwa. Unga wa ngano wa msaada kutoka Marekani ukaenea kusini mwa nchi, na sujebi ikawa chakula cha fukara. Miaka ya 1960 na 1970 Serikali ya Korea Kusini ilihimiza watu wale vyakula vya unga ili kupunguza matumizi ya mchele. Hata leo wazee wengi wa huko wakiionja hukumbuka siku za dhiki.

Hapo lipo somo la kwanza la afya. Unga na maji hushibisha tumbo lakini havijengi mwili. Mtoto anayeshiba wanga peke yake kila siku anaweza kudhoofika ingawa halali njaa. Mama mwenye busara wa Korea aliongeza samaki wadogo wakavu, viazi na mboga. Sisi nasi tufanye hivyo.

Badala ya vitu vya Korea

Wao hutengeneza supu kwa samaki wadogo wakavu na mwani. Sisi tunao dagaa, wa ziwani au wa baharini. Mwani unaweza kuachwa.

Wao wana kinyunya cha pilipili kiitwacho gochujang, kilichochachushwa kwa pilipili, mchele wa kunata, soya na chumvi. Badala yake tutachanganya nyanya ya kopo, sosi ya soya, sukari kidogo na pilipili ya unga. Ladha haitakuwa ile ile kabisa, lakini itakaribia: ukali, utamu kidogo na uchachu.

Unga wa ngano usiubadilishe kwa unga wa mahindi. Ngano ina utomvu wa kunata unaoshikamanisha donge. Mahindi hayana, na matonge yatasambaratika yawe uji.

Mahitaji (watu 5)

Unga wa ngano vikombe 2, chumvi yenye madini joto, nusu kijiko cha chai, maji ya kukandia, robo tatu ya kikombe au pungufu kidogo, dagaa wakavu konzi 2, maji ya supu lita 2, viazi mviringo 2, kitunguu 1, punje 3 za kitunguu saumu, fungu 1 la mchicha, mayai 2, nyanya ya kopo vijiko 2 vya mezani, sosi ya soya kijiko 1 cha mezani, sukari na pilipili ya unga, kijiko 1 cha chai kila kimoja, ndimu 1.

Namna ya kupika

1. Changanya unga na chumvi. Tia maji kidogo kidogo, kanda dakika 10 mpaka donge liwe laini. Lifunike, liache nusu saa ili lilainike na kuvutika.

2. Ondoa vichwa na matumbo ya dagaa, maana huleta uchungu. Waoshe mchanga utoke, wakaange bila mafuta dakika 3, kisha wachemshe katika maji lita 2 kwa dakika 10. Usiwatupe, mifupa yao laini ina chokaa ya kujenga mifupa yetu.

3. Tia viazi vilivyokatwa vyembamba, vitunguu, nyanya, sosi ya soya na sukari. Pilipili bado. Chemsha dakika 8.

4. Lowesha vidole, vuta donge liwe jembamba, chana vipande vya ukubwa wa kidole gumba na uvitumbukize kimoja kimoja huku ukikoroga. Vikielea, ongeza dakika 3. Usionje unga mbichi, kwani unaweza kuwa na vijidudu.

5. Tia mchicha, kisha mayai yaliyopigwa. Yaache yaive kabisa.

6. Pakua sehemu ya watoto wadogo kwanza, ukiwakatia matonge vipande vidogo wasipaliwe. Ndipo utie pilipili katika sufuria, chemsha dakika 2 na uwapakulie wakubwa. Iliwe mara moja, maana matonge yakikaa hunyonya supu na kuvimba.

Kamulia ndimu mezani, si motoni, kwa sababu moto hupunguza vitamini C. Vitamini hiyo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mchicha.

Tahadhari

Chumvi: Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Sosi ya soya tayari ina chumvi nyingi, na dagaa nao wanaweza kuwa nayo. Kwa hiyo usiongeze nyingine kabla ya kuonja. Mwenye shinikizo la damu apunguze sosi hiyo.

Pilipili: Watu wengi hudhani pilipili ndiyo iletayo vidonda vya tumbo. Sivyo. Aghalabu huletwa na bakteria au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama aspirini. Lakini mwenye vidonda tayari anaweza kuumia zaidi akila pilipili, basi ale sehemu ya watoto. Akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, awahishwe hospitali.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Katika chakula chetu cha jana, kipi kilishibisha na kipi kilijenga mwili?
2. Nani nyumbani mwetu hapaswi kula chumvi nyingi, nasi tunamkumbuka tunapopika?
3. Tuna nini jikoni leo cha kuongeza katika sufuria ya wanga mtupu?