Uchaguzi wa Mashine ya Kutoboa Matundu ya Mshazari kwa Viungo vya Mbao

Mchongaji wa Kimakonde hushika gogo moja la mpingo na kutoa ndani yake watu kumi waliobebana mabegani, bila kuunga popote. Seremala hana bahati hiyo. Mlango, kabati, dawati na kitanda hutokana na vipande vilivyoungwa, na mara nyingi samani hulegea kwenye kiungo kabla ubao wenyewe haujavunjika. Kwa hiyo fundi wa Chilangala, katika Wilaya ya Newala, anayefikiria kutumia fedha za korosho kununua mashine ya kuungia mbao, yafaa kwanza aelewe kazi inayofanywa na kiungo chenyewe.

Kiungo kinachozungumzwa hapa ni cha skrubu ya mshazari. Karibu na kichwa cha ubao mmoja hutobolewa tundu lililolala, ambalo huanzia kwenye uso wa ubao na kutokea katikati ya unene wake. Skrubu huingizwa humo na kukazwa hadi iingie katika ubao wa pili. Wazo hili si geni. Maseremala wa Ulaya wa zamani walichimba vifuko vya namna hiyo kwa patasi ili kushikiza juu ya meza kwenye fremu yake. Kilicho kipya ni kifaa cha kuongozea keekee, ambacho kilienea kutoka Marekani tangu miaka ya 1980 na kumwezesha fundi kutoboa tundu hilo kwa muda mfupi sana.

Vifaa viko vya namna mbili. Cha kwanza ni kipande cha chuma au plastiki ngumu chenye mirija iliyolazwa kwa pembe ya digrii 15 hivi. Fundi hukibana kwenye ubao, kisha hupitisha ndani ya mrija keekee yenye ngazi, ambayo sehemu yake nene huwa na kipenyo cha milimita 9.5. Cha pili ni mashine ya mezani yenye mota. Baadhi ya mashine hizo huchonga kifuko kwa kisu kinachozunguka, na kisha keekee nyembamba hutoboa njia ya skrubu kwa kupitia kichwa cha ubao. Kwa kuwa keekee hiyo haianzii kwenye uso uliolala, haitelezi, na pembe yaweza kushushwa hadi digrii 6.

Je, tofauti hiyo ya pembe ina maana yoyote? Inayo, na ndiyo kiini cha uchaguzi wote. Skrubu iliyolala haivuti ubao kuelekea mbele tu, bali huusukuma pia pembeni. Ikikazwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 100, kwa pembe ya digrii 15 kiasi cha kilo 26 huenda pembeni, ambapo kwa digrii 6 ni kilo 10 tu. Ndiyo maana fundi anayetumia kifaa cha mkono huona nyuso mbili alizozisawazisha kwa makini zimepishana mara skrubu inapokaza. Dawa yake ni jiliwa imara la kubana kiungo wakati wa kukaza. Kununua kifaa cha bei kubwa bila jiliwa ni kupoteza fedha.

Mbao nazo zina neno lake. Msonobari wa Sao Hill ni laini, na skrubu yenye meno mapana hushika vizuri ndani yake. Mninga na mkongo huhitaji meno membamba. Katika mkongo, na zaidi katika mpingo, ubao wa pili nao utobolewe kwanza, la sivyo shingo ya skrubu hukatika. Kwa ubao wa milimita 20 hutumika skrubu ya milimita 32 hivi, na kwa ubao wa milimita 38 hutumika ya milimita 64.

Hakuna mashine inayoponya ubao mbichi. Ubao hunywea kwa upana wake wala si kwa urefu, ila kidogo mno. Tuseme mti fulani hunywea asilimia 0.2 kwa kila asilimia moja ya unyevu unaopotea. Ubao wake wenye upana wa milimita 200, ulioungwa wakati wa masika ukiwa na unyevu wa asilimia 18, ukishuka hadi asilimia 12 wakati wa kiangazi utapungua milimita 2.4. Ikiwa skrubu zimeushika pande zote mbili pasipo nafasi ya kujongea, utapasuka.

Kisha kuna umeme. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, hali ule wa Marekani ni wa volti 120 na mizunguko 60. Transfoma hurekebisha volti lakini haibadili mizunguko, hivyo mota isiyo na brashi za kaboni iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 itapungua mwendo kwa sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi. Mota kama hiyo huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida wakati wa kuanza, na jenereta ndogo huzimika papo hapo. Mashine inayobana kwa hewa hudai pia kompresa. Kifaa cha mkono hutosheka na drili ya kawaida, na kikikosa umeme kabisa mrija wake bado huweza kuongoza keekee inayozungushwa kwa mkono, japo polepole.

Kwa karakana ya mafundi wawili au watatu, basi, kifaa cha mkono chenye mirija ya chuma kigumu ndicho chenye faida. Mashine ya mezani inafaa pale makabati yanapotengenezwa kwa makumi. Na hata hapo, miguu ya madawati ya shule iachwe kwenye kiungo cha ulimi na tundu. Mtoto huyumbisha dawati mchana kutwa. Gundi haishiki vyema kwenye kichwa cha ubao, hivyo kiungo cha mshazari hutegemea skrubu peke yake, ilhali ulimi una mashavu mapana ya kupakwa gundi.

Kabla ya kulipa, fundi aende dukani na vipande vinne vya mbao anazotumia. Aviunge viwili viwili, apitishe ukucha juu ya maungio, kisha afungue skrubu na kuzirudisha mara tatu. Mrija ukionyesha chembe za chuma kilicholika, au skrubu ikizunguka bila kushika, arudi nyumbani na fedha zake.