Barakoa yenye maandishi ya NIOSH

SWALI: Mimi ni seremala, Keko, Dar es Salaam. Nimeuziwa barakoa iliyoandikwa "NIOSH N95". Hao ni OSHA wetu?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. NIOSH ni taasisi ya utafiti ya Marekani, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1970, sheria ileile iliyounda OSHA ya kwao. NIOSH huchunguza na kupima, OSHA hutunga kanuni na kukagua. OSHA yetu ni wakala wa Serikali ya Tanzania, nayo husimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Majina yanafanana tu.

N95 maana yake kichujio kilichopimwa kikanasa angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana. Iliyoidhinishwa kweli ina namba inayoanza na TC-84A na mikanda miwili ya kuzungushia kichwa. Ukiona ya kuning'iniza masikioni, itilie shaka. Ndevu nazo huipenyeza hewa pembeni.

Vumbi la mbao limethibitika kusababisha saratani ya pua, kwa hiyo ivae kila unaporanda na kupiga msasa. Lakini unapopuliza vanishi haikusaidii, kwa kuwa haizuii mvuke. Hapo unahitaji barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali.