SOMO KWA VYAMA WANACHAMA: KUBADILI INJINI YA GARI NA KUILINGANISHA NA GIABOKSI

Katika Mkoa wa Songwe gari dogo la chama hufanya kazi nzito. Hubeba pembejeo, huchukua sampuli za kahawa za Mbozi, huwafikisha viongozi mikutanoni Vwawa na Tunduma, na wakati wa ufuta huteremka hadi Kamsamba katika Bonde la Rukwa. Injini ya gari hilo inapokufa, mara nyingi bodi hushauriwa kuondoa ya petroli na kuweka ya dizeli. Ushauri huo waweza kuwa mwema, ila bei ya injini si bei ya kazi yote. Fedha nyingi hupotea mahali injini inapokutana na giaboksi.

1. Maungio

Tuchukue mfano wa Toyota Hiace ya zamani yenye injini ya petroli ya jamii ya RZ. Injini za dizeli za 2L (sentimita za ujazo 2,446), 3L (2,779) na 5L (2,986) ni za jamii moja. Kwa kawaida giaboksi iliyofungwa 2L huipokea 3L. RZ ni jamii nyingine, na matundu yake ya bolti hayalingani na ya jamii ya L. Kwa hiyo bodi ina njia tatu.

(a) Kununua injini pamoja na giaboksi yake. Fundi hupima urefu wa propela shafti, mahali pa mautingi na mahali pa gia liva.

(b) Kubadili ganda la klachi peke yake, iwapo ganda hilo hufunguliwa kwa bolti. Klachi pleti lazima ilingane na flaiwili ya injini mpya, na meno yake yalingane na shafti ya giaboksi.

(c) Kuchonga bamba la chuma la kuunganishia. Njia hii iwe ya mwisho. Unene wa bamba huisukuma giaboksi nyuma; shafti yake ikishindwa kufika kwenye beringi iliyo mwisho wa kranki, huyumba na kuharibu gia. Vilevile kitovu cha giaboksi kikipishana na cha kranki, hata kwa sehemu chache za kumi za milimeta, klachi na beringi hazitadumu. Kazi hiyo hufanywa kwa mashine ya kerezo na geji, wala si kwa kukadiria kwa macho.

2. Hesabu ya difu

Dizeli za aina hii huzunguka polepole kuliko petroli. Tuseme tairi husafiri mita 2 kwa mzunguko mmoja, na gia ya juu ni moja kwa moja. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na difu ikiwa ya 5 kwa 1, tairi huzunguka mara 600. Gari huenda mita 1,200 kwa dakika, yaani kilometa 72 kwa saa. Difu ikiwa ya 4 kwa 1, mwendo ni kilometa 90. Dizeli ikifungiwa difu fupi iliyokusudiwa petroli, hulia sana katika mwendo mdogo na huchakaa mapema. Difu ikiwa ndefu kupita kiasi, gari lenye mzigo hushindwa mlima.

3. Breki

Jambo hili husahauliwa, nalo ni la uhai. Injini ya petroli huvuta hewa kwa nguvu inayosaidia breki; dizeli haina mvuto huo. Injini za jamii ya L huwa na pampu ya kuvuta hewa nyuma ya altaneta. Pampu hiyo ikiachwa, au mpira wake usipounganishwa, pedali huwa ngumu na breki hupungua nguvu. Anayeteremka kwenda Kamsamba na abiria hapaswi kuligundua hilo mteremkoni.

4. Wajibu wa bodi

Kabla ya malipo, bodi ipate makisio ya maandishi yenye injini, ganda, klachi, propela shafti, difu, breki na ufundi, kila kimoja na bei yake. Matumizi yawe ndani ya makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Kadi ya gari hutaja namba ya injini. Badiliko lipelekwe Mamlaka ya Mapato Tanzania, na kampuni ya bima ijulishwe, kwani namba zikitofautiana siku ya ajali huzuka ubishi juu ya fidia. Stakabadhi zote zihifadhiwe kwa ajili ya ukaguzi.

Makisio hayo yakikaribia bei ya gari lingine zima, mkutano mkuu uelezwe hivyo waziwazi, nao uamue.

Maswali ya kujadili

1. Injini ya gari la chama chenu ni ya jamii gani, na difu yake ni ya ngapi kwa moja?
2. Nani katika bodi atahakikisha kwamba breki zimejaribiwa kabla ya fundi kulipwa fedha za mwisho?
3. Je, namba ya injini iliyo garini ndiyo iliyo kwenye kadi?