Wachota Maji wa Kambi

Katika jimbo la Tanganyika, mashariki ya Kongo, likizo kubwa ya shule huwa mwezi wa saba na wa nane. Ndiyo majira ya kiangazi: mvua imekwisha, majani yamekauka, na upepo wa kusini huvuma kwa nguvu juu ya ziwa. Majira hayo yafaa kwa kambi. Jamaa za Wakristo huweza kuacha nyumba zao kwa siku chache, baba, mama na watoto, ili kusali, kujifunza, kucheza na kula pamoja.

Vijana wengine huja kambini si kwa kustarehe, bali kwa kutumika. Wengi wao wamelelewa katika vyama vya vijana. Chama kimoja chaitwa Xaveri. Kilianzishwa Bukavu mwaka 1952 na Padri Georges Defour, wa shirika la Mapadri Weupe, nacho chawafundisha vijana kutumikia wenzao.

Kazi za kambi ni nyingi. Mmoja hupokea wageni, mwingine huongoza nyimbo, mwingine huangalia watoto wadogo. Wengine hupika bukari, sombe na ndakala. Wengine huchimba vyoo, wengine huchota maji. Kuongoza nyimbo kila mtu apenda. Je, nani apenda kubeba maji?

Haya, tufanye hesabu. Jamaa 40 zimekuja, kila jamaa watu 5. Hao ni watu 200. Kila mtu ahitaji angalau lita 15 kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Basi zatakiwa lita 3,000. Bidoni moja huchukua lita 20. Kwa hiyo wachota maji watajaza bidoni 150 kila siku!

Tena kuyachota hakutoshi. Ziwa Tanganyika ni refu na lenye kina kikubwa sana, karibu mita 1,470, na maji yake hung'aa. Lakini maji yenye kung'aa si lazima yawe safi. Penye watu wengi, uchafu wa choo waweza kuingia katika maji, na pamoja nao vijidudu vya kipindupindu, visivyoonekana kwa macho. Mgonjwa wa kipindupindu huhara maji mengi na kutapika. Asipotibiwa upesi aweza kufa kwa saa chache tu. Mji wa Kalemie waujua ugonjwa huo, maana umerudi huko mara nyingi. Miaka ya 2013 na 2014 watu wengi wa mji walipewa chanjo yake.

Watu wa Kalemie wamejua pia kambi ya namna nyingine, kambi ya machozi. Mwaka 2017 jamaa nyingi zilizokimbia vita vijijini zilikaa Katanika, karibu na mji, katika vibanda vya nyasi. Hizo hazikuja kwa likizo. Lakini katika kambi ya furaha na katika kambi ya taabu, sheria ni moja: watu wakisongamana, maji na vyoo vyatangulia mambo yote.

Fikirini sasa kambi moja ya jamaa. Ni saa sita mchana, jua ni kali. Msichana mmoja amepewa kazi ya maji. Asubuhi alinung'unika moyoni, kwa kuwa alitaka kuimba na wenzake. Maji ya kunywa yamekwisha, na sufuria mpya iko motoni, haijachemka. Watu wanangoja na vikombe mkononi.

Kijana wa nyimbo anashika kata. “Dada, tuwape haya. Tazama, ni safi kabisa!”

“Hapana, kaka. Hayajatokota bado.”

Mama mmoja anasogea na mtoto mgongoni. “Binti yangu, mtoto analia kiu.”

“Mama, nakuomba univumilie kidogo. Nikimpa haya sasa, labda kesho tutalia sote.”

Watu wengine wanaguna. Msichana anaona haya, machozi yanamlengalenga, lakini haondoi mkono juu ya kifuniko. Yule mama anamtazama kimya. Halafu anakwenda kuleta kuni, anachochea moto. Maji yakatokota sana, yakaepuliwa, yakapozwa, na mtoto akanywa wa kwanza.

Tangu siku ile msichana alichemsha jioni maji ya kesho, akayafunika vema, ili watu wasingoje tena. Karibu na vyoo aliweka maji na sabuni, na sabuni ilipokosekana, majivu. Vyoo vyenyewe vilichimbwa mbali na maji, zaidi ya hatua 40.

Kambi ikaisha. Hakuna aliyeugua tumbo. Jamaa zikarudi kwao zikisifu nyimbo. Msichana wa maji hakusifiwa, kwa sababu hakuna kilichotokea. Lakini hilo ndilo lililokuwa tunda la kazi yake: hakuna kilichotokea.

Watoto, kumbukeni arusi ya Kana. Watumishi walijaza maji mitungi sita ya mawe. Mkuu wa karamu alionja divai, asijue ilikotoka. Wageni nao hawakujua. Waliojua ni wale waliochota maji.

MAULIZO
1. Kwa nini kiangazi chafaa kwa kambi?
2. Jamaa 60 zenye watu 5 kila moja zahitaji bidoni ngapi za maji kwa siku?
3. Kwa nini msichana hakuondoa mkono juu ya kifuniko?
4. Yule mama alimsaidiaje?
5. Mgonjwa wa kuhara apelekwe upesi kwa mganga wa hospitali. Njiani anyweshwe lita 1 ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijazwe kupita kiasi. Andikeni maneno hayo, myasome nyumbani kwenu.
6. Nyumbani kwenu ni nani anayechota maji? Je, amepata kushukuriwa?