Lishe au Tiba-lishe? Istilahi na Mwombaji wa Shahada Pwani

Mwanafunzi wa Malindi au Ganze anayeomba nafasi ya chuo kikuu kupitia KUCCPS hulikuta jina la shahada hii kwa Kiingereza. Akiwaambia wazazi kwamba anataka kusomea lishe, nao wamezoea unga wa lishe wa uji wa watoto, huenda wakadhani ni mapishi na kumshauri achague kozi nyingine.

Kimofolojia, nomino lishe inatokana na kitenzi -lisha, yaani -la pamoja na kiambishi cha usababishi. Kiini chake ni kumpa mwingine chakula. Hata hivyo, sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inayosimamia taaluma hii inataja wataalamu wawili: wa lishe kwa jumla, na yule ampangiaye mgonjwa chakula kulingana na maradhi yake. Sisi twawaita wote “mtaalamu wa lishe”.

Kwa huyu wa pili, tungeweza kusema lishe-tiba. Naona tiba-lishe lafaa zaidi, kwani katika ambatani kama hii neno la kwanza ndilo kichwa. Katika bata-mzinga, kichwa ni bata, si mzinga. Taaluma hii ni tiba.

Suala haliishii kwenye jina. Mgiriama mwenye kisukari akisema alikula wari, ana maana ya sima, wala si wali wa Waswahili. Mhitimu aliyefunzwa kwa Kiingereza pekee ataandika “mchele” kwenye faili, na hesabu ya wanga itapotoka papo hapo.